Hati ya kila mtu au ardhi ya pamoja? Hoja ya Bondeni, Voi

MLETA HOJA

Ndugu wachangiaji, salamu. Hoja ninayoileta ni hii: mji mdogo unapoamua kuurasimisha mtaa uliojengwa bila ramani, je, kila mwenye nyumba apewe hatimiliki yake binafsi afanye nayo apendavyo, au ardhi ishikwe kwa pamoja na wakazi wamiliki nyumba zilizo juu yake tu? Msimamo wangu nautaja mapema ili msihangaike kuutafuta: hati binafsi isiyo na sharti lolote la mauzo inamfaa mnunuzi wa kesho kuliko mkazi wa leo.

Nautumia mji wa Voi, nchini Kenya, kwa sababu huko watu waliulizwa swali hili wakalijibu. Voi ni mji uliobanwa. Reli iliufikia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mashamba ya mkonge yakafuata, kisha ikaja mbuga ya Tsavo, ambayo sehemu zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zimechukua takriban asilimia 62 ya kaunti yote ya Taita Taveta. Ukitoka mjini upande mmoja unakutana na uzio wa mbuga. Ukigeuka upande mwingine unakutana na mistari ya mkonge. Watu wa kipato kidogo walijenga palipobaki, na mojawapo ya mahali hapo ni mtaa uitwao Tanzania-Bondeni, ambao sehemu ya ardhi yake ilihesabiwa kuwa ya shamba la mkonge na sehemu nyingine kuwa ya shirika la reli. Kwa lugha ya ofisini, wakazi wake walikuwa maskwota, yaani watu waliokaa kwenye ardhi isiyo yao kisheria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kenya, ikishirikiana na shirika la misaada la Ujerumani, GTZ, katika mradi wa kuendeleza miji midogo, iliwaachia wakazi wachague namna ya kumiliki. Hati binafsi ilikuwa mojawapo ya njia walizowekewa mbele yao. Wao wakachagua dhamana ya ardhi ya jumuiya: ardhi ishikwe na wadhamini kwa niaba ya wote, mkazi akodishiwe kiwanja chake kutoka kwao, nyumba iwe yake na wanawe wairithi, lakini anayetaka kuondoka auze nyumba peke yake, tena jumuiya iwe ya kwanza kuulizwa kama inaitaka. Mwenye nyumba asiyeishi mtaani hakutakiwa.

Wengi hushangaa jinsi watu walioishi miaka na miaka bila karatasi walivyoikataa karatasi iliyokuwa mkononi. Mimi sishangai. Hofu yao ilikuwa kwamba maji yakishaingia na barabara ikishachongwa, mwenye fedha atafika na bei ambayo mtu mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kuikataa, na mwaka unaofuata wao watakuwa wanaanza upya kujenga ukingoni mwa mto.

Utaratibu wenyewe wa dhamana ya jumuiya ulizaliwa Marekani, ambako wapigania haki za Weusi waliuanzisha jimboni Georgia mwaka wa 1969, na mji mdogo wa Burlington, jimboni Vermont, ukaufanya kuwa sera ya mji mwaka wa 1984. Hata hivyo, mliokulia Pwani mtasema, na ni haki yenu kusema, kwamba kutenga nyumba na ardhi si habari ngeni kwetu. Wakf tumekuwa nayo karne nyingi: mtu anakifunga kiwanja kisiuzwe, mapato yake yaende msikitini au kwa kizazi chake. Na Mombasa kuna nyumba bila ardhi, ambazo mwenyewe hujenga kwa fedha zake na kumlipa mwenye shamba kodi ya ardhi. Tofauti ya Bondeni ni kwamba mwenye shamba ni wakazi wenyewe.

Niruhusuni jambo moja la nyumbani, kisha niwaachie uwanja. Katika mtaa nilikokulia, ambao sitautaja, wapimaji walipita na kopo la rangi nyekundu, na bikoni moja, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, ikaangukia jikoni kwa shangazi yangu, kati ya mafiga na mlango. Sote tulicheka, maana tulijua hati inakuja, na kweli ilikuja. Miezi minane baadaye aliiweka rehani kwa mkopo wa matibabu ya mumewe. Mume akafariki, deni likabaki, na kiwanja kikauzwa. Leo amepanga chumba kimoja, nyumba tatu kutoka pale, na maji anayachota kwenye bomba ambalo yeye ni miongoni mwa waliotia sahihi fomu ya kuliomba.

BINTI MWAKINGALI

Pole kwa msiba wa shangazi, na nasema hivyo kwa dhati, lakini kisa chake hakithibitishi unachotaka kithibitishe. Kilichomwangusha ni gharama za hospitali. Kama asingekuwa na hati, mumewe angefariki mapema zaidi na yeye angebaki na jiko lenye bikoni bila senti ya kumzikia. Mkopo huo alikuwa na haki ya kuuchukua. Watu wenye bangalo huweka hati zao rehani kila siku, na sijasikia mjadala wowote wa kuwakinga dhidi ya nafsi zao. Kwa nini sharti la kutouza liwaangukie maskini peke yao?

Umezitaja nyumba bila ardhi kama vile ni ushahidi wa upande wako, ilhali sisi tunazijua kwa machozi. Babu zetu walilipa kodi ya ardhi vizazi viwili, wakajenga kwa mawe, kisha mwenye shamba akauza, na mnunuzi akaja na amri ya mahakama na tingatinga. Mtu aliyelelewa katika simulizi hizo ukimwambia kwamba ardhi iliyo chini ya kitanda chake si yake bali ni ya wadhamini, hata kama ni wadhamini wema, hatalala usingizi.

Isitoshe, hadithi ya Bondeni umeikatiza mahali pazuri. Kenya haikuwa na sheria ya dhamana ya namna hiyo, kwa hiyo ilibidi ishonwe kwa vipande vya sheria nyingine, wadhamini wakiwekwa chini ya sheria moja na chama cha wakazi chini ya nyingine, na makaratasi yakachukua miaka. Wakati huo kamati ndiyo iliyokuwa ikiamua nani ni mkazi na nani si mkazi. Baada ya muda wapo waliosema wazi kwamba wangependa hati zao wenyewe. Nimekaa katika kamati za maji na za shule, na ninajua jinsi kamati inavyozeeka: wanaojitolea huchoka, na wanaobaki ni wale wenye jambo lao.

Kuhusu kumlinda mjane na watoto, sheria tunayo tayari. Tangu sheria za ardhi za mwaka 2012 na ile ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, mume hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mkewe. Tuisimamie hiyo kwanza.

MPANGAJI WA KALOLENI

Nimesoma pande zote mbili, na sijajiona popote. Mnagombana juu ya mwenye nyumba, ilhali wengi wetu mjini ni wapangaji. Chumba ninachokaa ni futi kumi kwa kumi, mlango wake unafungukia uani pamoja na milango mingine mitano, na choo ni kimoja. Mwaka ambao taa za barabarani ziliwekwa, tulifurahi kwa wiki tatu. Wiki ya nne kodi ikapanda. Aliyepandisha hakuwa tajiri mgeni, bali ni mzawa wa mtaa huu, mwenye karatasi yake halali.

Sheria ya kudhibiti kodi ipo, Sura ya 296, lakini inamhusu mpangaji wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kimebaki hapo miaka nenda miaka rudi huku kila kitu kikipanda. Mpangaji wa chumba kimoja tu chenye umeme anaweza kuwa ameshautoka ulinzi huo.

Na mkizungumzia ustawi wa jamii, anzeni na maji. Bomba la Mzima linatoka ndani ya Tsavo na kupeleka maji Mombasa, na sisi tulio kwenye kaunti ya chemchemi yenyewe tunanunua jerikani kwa mwenye mkokoteni. Sina haja ya kujua jina lililoandikwa kwenye hati kabla ya kujua kama nitaoga kesho.

MPIMAJI MSTAAFU

Nitasema la kiufundi tu. Kupima mpaka mmoja wa nje wa mtaa ni kazi nyepesi. Kupima viwanja mia tano ndani yake, kila kimoja na bikoni zake, majirani zake na ugomvi wake, ni kazi ya miaka, na gharama yake humwangukia mwenye kiwanja mwishowe. Zaidi ya hapo, mtaa unapokatwakatwa kuwa mali ya watu binafsi, kinachotoweka kwanza ni kile kisicho na mtu wa kukililia: kichochoro cha kupitishia jeneza, mfereji wa mvua, uwanja wa watoto. Kwenye karatasi ni ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Mchangani, nimewahi kurudi baada ya miaka sita nikakuta uwanja wa mpira niliouchora mwenyewe umejengwa vibanda vya mabati, na anayevipangisha ana risiti.

Kwa upande wa pili, Binti asitumie matatizo ya sheria zilizokuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1990 kana kwamba ni ya leo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020 inaruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya kiwanja cha wote. Iliandikwa ikiyalenga maghorofa, nakubali, lakini inaonyesha kwamba msajili wa ardhi ameshazoea kuandika haki ya mmoja ndani ya haki ya wengi.

MLETA HOJA

Nashukuru. Kwa Mpangaji nakiri kosa kabisa. Niliandika kana kwamba mtaa ni wenye nyumba peke yao, na naona sasa kwamba dhamana inayomkataza mwenye nyumba asiyeishi mtaani, bila kumpa mpangaji kiti katika mkutano mkuu, inamlinda mzawa dhidi ya mgeni na kumwacha mpangaji mikononi mwa mzawa. Sharti la kwanza ambalo ningeliongeza leo ni kwamba aliyepanga mtaani kwa miaka kadhaa awe mwanachama mwenye kura, na kodi za vyumba vilivyo juu ya ardhi ya pamoja zijadiliwe kwenye mkutano huo. Suala la maji halina ubishi, ila litazameni kutoka upande huu pia: maji yakifika, thamani ya kiwanja inapanda, na hapo ndipo swali langu la nani atakayebaki linapoanza kuuma.

Kwa Binti, swali lako la kwa nini sharti limwangukie maskini nimelifikiria usiku kucha, na jibu langu ni kwamba sharti hufuata fedha za umma, si umaskini. Mwenye bangalo amejinunulia. Mtaa unaorasimishwa umechimbiwa mitaro na kuchongewa barabara kwa fedha ya wote. Wala silitungi mimi hili. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, ile ile inayokata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kumtoza mwajiri kiasi hicho hicho, inamzuia mnunuzi wa nyumba hizo kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi. Mwalimu au karani atakayenunua ghorofani Voi atafungwa na sharti ninaloliombea Bondeni, na sijawasikia watetezi wa hati huru wakilalamika kwa niaba yake.

Nakubaliana nawe kuhusu kamati. Silitaki sharti la milele, na sitaki mtu anyimwe mkopo mwenye mgonjwa ndani. Ninachokiomba ni kwamba katika miaka kumi ya kwanza baada ya urasimishaji, anayeuza aulize jumuiya kwanza, kwa bei iliyokadiriwa na mthamini asiye wa pande zote mbili, na jumuiya iwe na siku tisini za kujibu. Ikishindwa kununua, auze amtakaye.

BINTI MWAKINGALI

Siku tisini kwa mtu ambaye hospitali imeshikilia maiti ya mumewe? Zifanye kumi na nne, na fedha za jumuiya za kununulia ziwe zimeshawekwa benki kabla hati ya kwanza haijatolewa, hapo nitakaa mezani nawe. Maana jumuiya isiyo na akiba haitanunua chochote. Itamchelewesha tu muuzaji mpaka bei ishuke, na anayeisubiri ishuke tunamjua. Hilo la fedha hujaligusa. Zitatoka wapi: kwa wakazi wenyewe, kwa kaunti, au katika ile asilimia 1.5?