Mrejesho: vizibo vya sponji vya masikio

Assalaam alaykum. Niliwaulizeni kwa nini vizibo vya sponji vinachomoka sikioni tukiwasha mashine ya randa, karakanani kwetu Chake Chake. Ahsanteni sana, sasa vinakaa.

Kazi yote iko kwenye kusokota: kiwe chembamba, bila mkunjo, kwa vidole safi (vumbi la mbao halifai sikioni). Mkono wa pili unapita juu ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma, ndipo unakitia. Kishikilie kama sekunde 30 kivimbe. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe unaisikia nzito.

Kijana wetu mwanagenzi, tundu zake ndogo, bado vinamtoka. Mwenye kujua Unguja zinapouzwa saizi ndogo anijuze, nisingependa aendelee na randa masikio wazi.