Naomba ushauri: kamanda aliyetuchomea nyumba Mambasa yuko Ubelgiji

Wandugu, mwishoni mwa 2002 waasi waliingia kwetu Mambasa, Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC). Mama bado ametunza sufuria iliyotobolewa na risasi siku ile. Mwezi uliopita binamu yangu kamwona kamanda wao Brussels, anakula maisha.

Najua mwaka 2001 mahakama ya huko huko Brussels iliwatia hatiani Wanyarwanda wanne, wawili wao watawa, kwa mauaji ya 1994. Na Koblenz, Ujerumani, mwaka 2022 Anwar Raslan, afisa wa zamani wa ujasusi wa Syria, alifungwa maisha kwa mateso waliyofanyiwa wafungwa huko Syria. Kwa hiyo njia ipo.

Tuanzie polisi au kwa mwendesha mashtaka? Mama ana miaka 71, safari haiwezi. Je, ushahidi wake unaweza kuchukuliwa kwa video? Kinachoninyima usingizi ni usalama wake, maana watu wa huyo kamanda ni majirani zetu hadi leo.