Naomba ushauri: maktaba ya shule ina kompyuta 4, hairuhusiwi kugusa

Mwl_wa_Kata: Wakuu habari za jioni. Nafundisha Kiswahili shule ya kata, huku Singida vijijini. Januari nimekabidhiwa maktaba, maana yake nimekabidhiwa ufunguo. Ndani kuna vitabu vya kiada, vumbi, na kompyuta 4 za msaada, bado zina nailoni kwenye kioo. Umeme upo, unakatika. Intaneti hakuna. Mkuu wa shule kasema zikiharibika nitalipa mimi. Wanafunzi wakiingia wanasinzia. Wazazi wamechanga laki tatu. Mtaala mpya unataka mtoto afanye kwa mikono, mimi nianzie wapi?

Fundi_Simu: Hela hiyo usinunulie bando, itayeyuka kabla muhula haujaisha. Nenda mjini penye waifai, pakua Kiwix, programu ya kusomea, na Wikipedia ya Kiswahili, inakaa kwenye flashi. Ya bure na inasomeka bila intaneti. Ya Kiingereza na picha zake zote inapita GB 90, hiyo itataka diski ya nje. Kisha weka programu ya masomo ya Kolibri kwenye mashine moja, ina video na mazoezi ya hisabati. Zile 3 zitasoma kutoka hapo kupitia ruta, hata kama ruta haina laini.

Mama_Kitabu: Naunga mkono nusu. Mimi ni mkutubi. Ukiweka kompyuta peke yake utapata foleni ya wacheza karata. Vuta meza uiweke karibu na rafu ya 537, ndiyo umeme kwa namba za Dewey tunazopangia vitabu maktaba. Weka redio mbovu, bisibisi, multimita ya kupimia umeme, betri, vitaa. Pembeni kitabu cha Fizikia, wazi kwenye ukurasa wa saketi. Mtoto akikwama atakivuta mwenyewe. Changu kilikaa rafuni miaka kikiwa kipya, sasa kimechanika jalada na sijali.

Fundi_Simu: Redio iwe ya betri, cha kuchomeka ukutani hapana. Na TV ya chogo msithubutu kuifungua. Hata ikichomolewa inatunza umeme, itamrusha mtu.

Kijana_Mjini: Madawati hayatoshi, nyie mnaongelea multimita 😂

Mama_Kitabu: Mdogo wangu, redio mbovu kila fundi anazo gunia zima, anatafuta pa kuzitupa.

Mzee_Mstaafu: Mwalimu, mgonjwa wako si kompyuta, ni mkuu wako. Nami nilikuwa mkuu wa shule. Tunachoogopa ni siku mkaguzi anauliza kifaa kiko wapi nawe huna jibu. Mpelekee daftari: namba ya mashine, jina la mwanafunzi, saa ya kuingia na kutoka, sahihi. Siku ya kwanza mwite yeye awe wa kwanza kubonyeza.

Mwl_wa_Kata: MREJESHO, wiki ya tatu. Mzee shikamoo, umenivusha. Mkuu kabonyeza, akatafuta kata yake kwenye Wikipedia, akakuta mistari miwili. "Nani kaandika hivi?" Sasa kidato cha tatu wametumwa kwa wazee na madaftari, na Fundi kanitahadharisha inbox kwamba tukipandisha lazima tuonyeshe na maandishi tulikotoa habari, kwa hiyo tumeanza kufukua mafaili ya ofisi ya kata. Redio wameifungua, wameifunga. Skrubu 2 zimebaki mezani, nayo inakamata stesheni kama kawaida.