Yule bwana amemwambia mteja kwamba simu yangu ni mbovu, kwa sababu simuleta yake haina tatizo

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika nikiwa bado ninatetemeka kwa hasira, na sina nia ya kuisubiri ipoe. Yule bwana mnamfahamu, hivyo sitapoteza muda kumtaja. Kila timu ya watengeneza tovuti inaye: ndiye aliyekwisha kuipima iPhone ya kila toleo tangu mwaka 2007 bila kuichaji hata moja.

Leo, mteja akiwa ameketi nasi, nilimwonyesha kwamba kitufe cha "Endelea" katika fomu ya usajili hakionekani. Kipo, ila kimejificha nyuma ya upau wa anwani ulio chini ya skrini, na mtumiaji anaweza kukitafuta mpaka azeeke. Nilimnyoshea simu yenyewe, simu halisi yenye betri, yenye joto, yenye alama za vidole vyangu juu ya kioo. Hakuitazama. Alifungua simuleta, yaani zana ya kuiga skrini ya simu, ndani ya kivinjari cha kompyuta yake, akaushika kwa kipanya ukingo wa kile kisimu cha kuchorwa, akauvuta kulia, akauvuta kushoto, kisha akamgeukia mteja na kusema kwa upole wa kutisha: "Simu hii hapa, na kitufe hiki hapa. Nadhani simu ya mwenzetu ndiyo mbovu."

Akauvuta ukingo, wakuu! Mimi nimekaa pale, mkono umenyooka, simu inawaka, naye anavuta ukingo wa mchoro. Mtu wa namna hii akiugua atabaki kitandani na kuituma picha yake hospitali ikapimwe damu.

Kosa lenyewe wala si la siri. Ukurasa umepewa urefu wa 100vh, yaani asilimia mia ya urefu wa nafasi ya kuonyeshea, na Safari, kivinjari cha iPhone, huupima urefu huo kana kwamba upau wake umekwisha kujikunja. Kwa hiyo upau unapokuwa wazi, sehemu ya chini ya ukurasa hubaki imefunikwa. Kipimo cha dvh, ambacho hufuata nafasi inayoonekana kwa wakati huo, kimo ndani ya Safari tangu toleo la 15.4 la mwaka 2022. Simuleta yake haina upau wa kujikunja wala wa kukunjuka, na ndiyo maana humo ndani kila kitufe cha dunia hii kinaonekana. Niliyaeleza hayo yote kwa adabu. Nilipomaliza, aliuvuta ukingo tena. Tena! Mteja akanitazama kwa huruma na kuniuliza iwapo nimejaribu kuizima simu na kuiwasha.

Sihitaji ushauri. Ninahitaji mniambie kwamba sijachanganyikiwa.

KidoleGumba

Hujachanganyikiwa, mkuu. Huyo bwana akichagua iPhone kwenye orodha ya simuleta anaamini amepata iPhone, ilhali kilichobadilika ni upana wa skrini, uwiano wa pikseli, namna ya kugusa, na jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo kwa seva. Injini inayouchora ukurasa imebaki kuwa Blink, ile ya Chrome iliyojitenga na WebKit mwaka 2013, na simu yako inachora kwa WebKit. Ila mimi ninacheka ninapoufikiria huo mkono ulivyobaki hewani. Uliushusha saa ngapi?

Mleta uzi

Sijaushusha.

MzeeWaPikseli

Kijana wangu, kosa ulilifanya wewe uliponyosha simu badala ya kuichomeka. Simu ya Android ukiiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB, unaukagua ukurasa wake ndani ya Chrome, mstari kwa mstari. iPhone nayo unaikagua kwa Safari ya kompyuta ya Mac. Mteja hakiamini kitu kilichomo mkononi mwa mtu aliyevimba mishipa ya shingo. Anaamini kilicho kwenye skrini kubwa.

Mleta uzi

Nimesema sihitaji ushauri, mzee wangu, na kebo nilikuwa nayo. Ningeichomeka wapi, wakati kompyuta ilikuwa inatumika kuvutia ukingo?

BintiSeva

Mnaionea simuleta bure. Mpangilio uliovunjika, maandishi yanayomwagika nje ya safu, picha inayozidi upana wa skrini, vyote hivyo utaviona humo kabla hujaigusa simu yoyote. Waliotengeneza ile ya Chrome wameandika wazi katika maelezo yao kwamba ni makadirio tu, na kwamba penye shaka ukurasa ufunguliwe kwenye simu. Yule bwana hajasoma maelezo, basi. Wa kwangu hata simuleta haijui: hulivuta dirisha zima la kivinjari mpaka ligome, na Chrome ya kompyuta hugoma kabla ya kufikia upana wa simu ya kawaida, kisha hutangaza kwamba tovuti iko tayari. Siku tulipousahau ule mstari wa viewport kwenye HTML, unaoiambia simu ichore ukurasa kwa upana wa skrini yake, yeye hakuona lolote, kwa sababu kivinjari cha kompyuta hakiujali kabisa. Kwenye iPhone ukurasa ulichorwa kwa upana wa pikseli 980 na kusinyazwa mpaka maandishi yakawa vumbi.

FremuTupu

Angalau wenu hutumia zana zilizo ndani ya kivinjari. Wa kwetu aligundua tovuti inayoonyesha picha ya simu, na katikati ya picha hiyo kuna fremu ya kupakia ukurasa wako. Seva yetu hukitumia kivinjari agizo liitwalo X-Frame-Options lenye neno DENY ili ukurasa usiwekwe ndani ya fremu ya mtu mwingine, kwa sababu za kiusalama zinazojulikana na kila mtu isipokuwa yeye. Aliona weupe mtupu, akaandika ripoti ndefu kwamba tovuti yetu haifanyi kazi kwenye simu yoyote duniani, na akaituma kwa wakubwa wote.

MleWaKibodi

Na kibodi je? Simuleta haitoi kibodi ya skrini, kwa hiyo yule wa kwetu hajawahi kuona nusu ya fomu yake ikifunikwa mtumiaji anapoanza kuandika jina. Tena aliweka maandishi ya pikseli 14 ndani ya visanduku, na iPhone huukuza ukurasa wenyewe kila ukigusa kisanduku chenye maandishi yaliyo chini ya pikseli 16. Nilipomweleza, aliniambia nina vidole vinene.

Mleta uzi

Poleni nyote, lakini naomba turudi kwenye ukingo. Aliuvuta mbele ya mteja. Mara ya pili aliuvuta huku akinitazama mimi.

KidoleGumba

Ukingo tumeuona, mkuu. MleWaKibodi, tatizo la kukuza mlilimalizaje?

MleWaKibodi

Aliweka maximum-scale=1 kwenye viewport, yaani akakataza ukurasa kukuzwa, akajipongeza.

BintiSeva

Huo ni ukatili kwa wasioona vizuri.

MzeeWaPikseli

Si kwa iPhone, binti yangu. Tangu iOS 10, toleo la kumi la mfumo wa iPhone, Safari hupuuza katazo hilo mtumiaji anapokuza kwa vidole viwili, na wakati huohuo huacha kujikuzia yenyewe kwenye visanduku. Ukatili unawapata watu wa Android, ambako Chrome hulitii.

FremuTupu

Kumbe ndiyo maana tovuti nusu hazikubali kukuzwa kwenye simu yangu! Nimekuwa nikizisogeza karibu na pua.

BintiSeva

Fungua mipangilio ya Chrome, uingie sehemu ya ufikivu (Accessibility), kuna mahali pa kulazimisha ukuzaji hata pale tovuti inapokataza.

Mleta uzi

Na ukingo, jamani?

FremuTupu

Nimepaona, BintiSeva, ahsante sana. Kwenye Firefox ya Android pia papo?

BintiSeva

Papo, ni sehemu hiyohiyo ya ufikivu.