Mradi ukichelewa, alaumiwe mkandarasi au mwenye mradi?

Ndugu zangu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Jengo likipitisha tarehe ya kukabidhiwa, lawama zote humwendea mkandarasi: mafundi wachache, mitambo mibovu, pesa kazipeleka saiti nyingine. Wakandarasi wa namna hiyo wapo, na wakatwe fidia kwa kila siku waliyochelewesha. Lakini mimi nashikilia kwamba ucheleweshaji mwingi huzaliwa ofisini, kabla sururu haijagusa udongo.

Tazameni Sydney Opera House, lile jumba la maonyesho la Australia. Serikali ilikuwa na haraka, ujenzi ukaanza Machi 1959 wakati wahandisi hawajajua yale mapaa yenye umbo la maganda yatajengwaje. Baadaye nguzo zilizokwisha kujengwa zikaonekana haziwezi kubeba paa, ikabidi zijengwe upya. Jengo lililotarajiwa kwisha 1963 likafunguliwa 1973, na gharama ikapanda kutoka dola milioni 7 za Australia hadi milioni 102. Fundi gani angeuokoa mradi ulioanza bila michoro kamili?

Uwanja mpya wa ndege wa Berlin nao ulikuwa ufunguliwe Juni 2012. Wiki chache kabla ya siku yenyewe ukaahirishwa, kwa kuwa mfumo wa kuzuia moto na kuondoa moshi haukuwa tayari. Huku nyuma jengo lilikuwa likipanuliwa na kubadilishwa ujenzi ukiendelea. Ndege zilianza kuutumia Oktoba 2020.

Halafu kuna malipo, na hapa ndipo panaponiuma. Hati ya malipo, yaani karatasi inayothibitisha kiasi anachostahili kulipwa mkandarasi kwa kazi aliyokwisha kufanya, inakaa mezani kwa mtu miezi kadhaa. Muuza saruji anakataa kukopesha tena, mafundi wazuri wanaondoka kwenda kunakolipwa. Pesa ikija, mafundi hawarudi siku ileile, na zege haliharakishwi kwa kelele: kwa kawaida nguvu yake hupimwa likiwa na siku 28.

Mimi ningeanza hivi: zabuni isitangazwe kabla michoro haijakamilika, udongo haujapimwa, na mabomba na nyaya zilizopo kwenye eneo hazijahamishwa. Bei ya chini kupita kiasi ikataliwe, maana anayeitoa huja kutafuta faida yake katika madai ya kuongezewa pesa. Na mwenye mradi akichelewesha malipo, alipe riba.

Karibuni mnipinge.

*Jibu la kwanza, kutoka kwa mwenye mradi:*

Kaka, umewatetea mno. Mimi nililipa malipo ya awali mapema, na bado nilikuta saiti ina mafundi watatu na mlinzi. Kila nikiuliza naambiwa mvua, mara nondo hazijafika. Nakiri nilihamisha ngazi mara moja baada ya msingi kumwagwa, lakini ngazi moja haiwezi kula miezi minne.

*Jibu la mwanzisha mada:*

Hilo la malipo ya awali nakuunga mkono kabisa. Yadaiwe dhamana ya benki na yakatwe kidogo kidogo katika kila hati. Na usisubiri mwisho wa mwezi: kila wiki linganisha ratiba na kazi iliyofanyika, uhesabu mafundi kwa macho yako. Mvua ya msimu unaojulikana si sababu, ilipaswa kuwemo kwenye ratiba tangu mwanzo.

Ila ngazi hiyo, kaka, usiidharau. Ikihama, mihimili inahama nayo, mhandisi anapiga hesabu upya, nondo zilizokwisha kukatwa hazifai, na fundi bomba anangoja wote hao. Mikataba ya mfano ya 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inamtaka mkandarasi atoe taarifa ya madai ya kuongezewa muda au pesa ndani ya siku 28 tangu ajue jambo lenyewe, ili pande zote zijue mapema ni siku ngapi zinaongezeka. Sasa niambie: ulipotoa agizo la kuhamisha ngazi, kuna mtu aliyeandika linaongeza siku ngapi, au lilitolewa kwa mdomo palepale saiti?