MJADALA: Kumwita ndege kwa rekodi ya simu ili apigwe picha, tuendelee au tuache?

Mleta mada
Wadau wa kamera, salaam. Swali hili linatuhusu sote tunaopiga picha za ndege kwa mapenzi tu. Unafika porini, unafungua simu, unapiga rekodi ya mlio wa ndege unayemtaka. Dume anadhani mgeni kavamia eneo lake, anatoka kichakani kumfukuza, nawe unapata picha. Tuchukue mfano mmoja: bundi mdogo wa Sokoke. Urefu wake ni kama sentimita 17, yumo hatarini kutoweka, na ukiacha msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, wenye kilomita za mraba 420 hivi, anajulikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanga. Msimamo wangu: kwa ndege wa namna hii rekodi ikomeshwe kabisa.

Korongo
Mkuu, hapo nakupinga. Vichaka vya huko vimefungamana hasa. Asiyetumia rekodi hatabaki njiani, ataingia ndani, avunje matawi na kukanyaga kila kitu kwa saa nzima. Mlio wa sekunde 15 kutoka njiani una madhara madogo kuliko buti.

Shida ni namna ya kuutumia. Sauti ya simu yenyewe yatosha, spika ya blututhi ibaki nyumbani. Piga sekunde 10 hadi 15, zima, subiri dakika tatu umetulia. Rudia mara mbili, na asipojibu ondoka. Akijibu, rekodi isipigwe tena. Na kuna utafiti uliofanywa nchini Ekwado, Amerika Kusini, ukachapishwa 2013: ndege wadogo jamii ya wren walipigiwa rekodi dakika tano kila siku kwa siku 20. Mwanzoni walijibu kwa nguvu, ila kufikia siku ya 12 mwitikio wao ulikuwa hauonekani kirahisi. Wanazoea.

Chiriku
Ndugu Korongo, utafiti huo ni wa kweli, lakini soma tena ulichoandika. Ndege aliyeacha kujibu sauti ya mgeni si lazima awe ndege asiyedhurika. Kazi ya kulinda eneo ndiyo inayompa chakula na mwenzi. Halafu hao ni wren, huwezi kuchukua matokeo yao ukamvika bundi.

Ila hoja yangu kubwa ni nyingine. Kanuni ya sekunde 15 inamfaa mtazamaji wa ndege. Akimwona, ameandika, ameondoka. Mpiga picha hawezi kuishia hapo, na sababu ni mwanga. Chukua lenzi ya kuvuta mbali ya 400 mm yenye f/5.6 (kipimo cha tundu linalopitisha mwanga), ndani ya kichaka, saa moja asubuhi. Ukiweka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, unapata kasi ya 1/60 ya sekunde ukibahatika. Ndege aliyechokozwa hatulii: anaruka tawi hadi tawi, shingo kainyoosha, manyoya kayatimua. Kwa 1/60 picha tisa kati ya kumi zitatoka na jicho lililofifia. Mtu anatazama kioo cha kamera, haridhiki, anabonyeza rekodi tena. Na tena. Si kwamba ana roho mbaya, anatafuta picha yenye jicho lisilofifia. Kesho anakuja mwingine kwenye njia ileile, kwa ndege yuleyule. Kila mmoja anaapa kwamba alipiga "kidogo tu".

Mumbi
Dada Chiriku umemaliza. Naongeza tu kwamba kwa bundi huyu rekodi haina hata kazi. Mchana wanalala kwenye matawi ya chini, mara nyingi dume na jike bega kwa bega, na waongozaji wa pale wanajua kuwatafuta. Mlipe mwongozaji. Hiyo ni riziki inayoufanya msitu uwe na thamani ukiwa umesimama, badala ya kugeuzwa mkaa.

Ndege aliyelala hasogei, kwa hiyo mwanga mdogo si tatizo tena. Weka kamera kwenye kisimamio cha miguu mitatu, taima ya sekunde mbili ili ijipige yenyewe bila kutikiswa, na 1/30 inatosha kabisa. Kaa mita tano au zaidi. Flashi zima. Akifumbua macho yote mawili na kujinyoosha akawa mwembamba kama kijiti, umemsogelea mno. Rudi nyuma taratibu.

Na jani likiziba uso wake, LIACHENI. Watu wanavunja vijiti "kusafisha fremu". Vijiti hivyo ndivyo vinavyomficha asionwe na mwewe, ndivyo vinavyomkinga jua la saa saba. Ukivivunja, kesho hatalala hapo.

Korongo
Kwa bundi nakubali, nimeshindwa kwa hoja. Sikubali marufuku ya jumla. Kipwe wa bustanini, anayeimba kwa kupokezana na jike lake, yupo kila kona. Mlio mmoja nje ya msimu wa kuzaliana hautamwangamiza.

Mleta mada
Sawa, kwa ndege wa kawaida nalegeza, ila si karibu na kiota, na si ndege anayebeba majani au wadudu mdomoni. Huyo ana kazi.

Jambo jingine ni mahali. Simu huandika majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa ulipopigia, ndani ya faili la picha. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo huondolewa, lakini ukituma kama dokumenti ili ubora usipungue, yanakwenda nayo yote. Zima ruhusa ya mahali kwenye programu ya kamera kabla hujaingia msituni. Bundi akishajulikana tawi lake, atapata wageni ambao hawajausoma mjadala huu.

Chiriku
Kwa Korongo na kipwe wake, kuna njia bora: maji. Chukua sinia pana, kina kisizidi sentimita nne, weka jiwe katikati. Juu yake ning'iniza dumu la lita tano lililotobolewa kwa sindano, lidondoshe tone moja kila sekunde moja au mbili. Mdondoko ndio unaowaita, maji yaliyotulia hawayaoni haraka. Simika kijiti cha kutulia nusu mita kutoka kwenye sinia, na majani ya nyuma yawe mita tano au zaidi ili yafifie. Weka mahali penye mwanga, na hapo unapata 1/500 bila kuhangaika.

Hii ni ya shambani kwako, si ndani ya hifadhi. Maji yabadilishwe kila siku na sinia lisuguliwe kwa brashi, maana ute wa kijani na kinyesi huwaambukiza maradhi ndege wote wanaokunywa hapo. Kiangazi, kati ya saa nne na saa sita, kipwe atakuja mwenyewe, manyoya yametulia.