Fallout ya kweli ni ipi? Mi nasema kamera sio hoja

Mleta mada:

Wakuu habari za muda huu. Kuna bishano haliishi, eti muendelezo wa gemu ya RPG (gemu ya kuigiza mhusika) ni halali pale tu unapochezwa kama wa kwanza, yaani Fallout, zile gemu za dunia iliyobaki jangwa baada ya vita vya nyuklia, ikishaacha kupigana kwa zamu na kamera ya juu basi sio Fallout tena. Nakataa, na nakataa kwa sababu nimezicheza na najua wapi ziliniuma.

Ile Fallout ya kwanza ya 1997 kilichonishika sio kamera. Unamtengeneza mtu wako, unagawa pointi, ukimuwekea akili chini ya 4 basi gemu inakuchukulia hivyo hivyo ulivyo, mtu anaguna tu, hawezi kuongea, misheni kibao zinafungwa. Ya pili (1998) wakaweka kitu nakipenda mpaka leo: pale Klamath kuna kijana anaitwa Torr, anachunga mifugo, watu wanamuona hamnazo, sasa ukimfuata na mtu wako mwenye akili ndogo wanaongea wawili hao kwa ufasaha kama maprofesa. Ukicheza kawaida hiyo sehemu huioni. Na bosi wa mwisho wa ile ya kwanza, Master, unaweza usimpige hata risasi moja, unamletea ushahidi kwamba mutanti wake (watu aliowageuza kuwa majitu) hawazai, anaelewa kazi yake yote ni bure, anajiua mwenyewe.

Njoo Fallout 3 ya 2008. Mwisho kuna chumba kimejaa mionzi, lazima mtu aingie awashe mtambo wa kusafisha maji. Pembeni yako yupo Fawkes, mutanti ambaye mionzi haimdhuru, na huyo huyo nyuma kidogo aliingia kwenye mionzi akakuletea kifaa cha G.E.C.K. Unamwomba aingie, anakataa, anakwambia hiyo ni hatima yako. Aisee nilikaa nimeshika kontrola nimeganda. Walikuja kurekebisha 2009 kwenye nyongeza ya Broken Steel, ila kidonda kilishaingia.

Halafu New Vegas ya 2010, injini ile ile ya Fallout 3, kurusha risasi kule kule, lakini Legate Lanius pale mwisho unamgeuza kwa maneno kama Speech yako (ujuzi wa kuongea) imefika 100, na aliyewekeza pointi kwenye ujuzi wa biashara naye ana njia yake ya kumshawishi. Hapo nikasema nimerudi nyumbani. Fallout 4 (2015) inapiga risasi vizuri kuliko zote ila kwenye mazungumzo majibu ni manne tu, unabonyeza neno moja hujui mtu wako ataropoka nini.

Na hata Baldur's Gate, RPG nyingine, mbili za mwanzo vita vinaenda mfululizo unasimamisha ukitaka, ya 3 ya 2023 ikaja na zamu kwa zamu, na mimi nimeipokea kama ndugu wa damu.

Mchangiaji:

Mkuu nakuheshimu ila kipimo chako kipana mno. Kama ni maamuzi kuwa na matokeo basi RPG ya The Witcher 3 nayo tuiite Fallout? Zamu ndio zilikufanya uhesabu kila hatua, kila risasi, ukaogopa jangwa. Ukitoa hiyo hofu unabaki na nguo ya bluu ya Vault (handaki la kujificha) tu.

Na hiyo Baldur's Gate 3 unayoisifia usiiguse kabisa. Kwenye ya pili nilitembea na mwenzangu wa safari Viconia mwanzo mwisho, nikambadilisha roho taratibu akaachana na uovu. Ya 3 namkuta anaongoza hekalu la Shar, mungu wa kike wa giza, mkatili kama vile sikuwahi kukutana naye. Hiyo ni undugu wa damu?

Mleta mada:

Ya Witcher nakujibu, Geralt, mhusika wake mkuu, ni mtu tayari, ana jina na historia yake, wewe unamwendesha. Fallout unaanza na namba ulizoandika mwenyewe na zile namba zinatakiwa zikufuate mpaka mwisho, ndio utambulisho wake. Hofu ya jangwa nakupa, New Vegas ukitoka Goodsprings ukakata kaskazini moja kwa moja cazador (nyigu wakubwa wenye sumu) wanakumaliza, hofu hiyo ipo bila zamu.

Ya Viconia umenipata. Nilikuwa naangalia gemu inavyomjibu mtu wa leo, sikufikiria kazi aliyofanya mtu wa jana. Najua wanasema lazima wachague historia moja rasmi maana kila mchezaji alimaliza kivyake, lakini wangeweza kumuacha kabisa asionekane. Kumrudisha halafu ukafuta kilichombadilisha ni kubaya kuliko kutomrudisha. Na Sarevok, adui mkuu wa Baldur's Gate ya kwanza, naye ni hivyo hivyo, kwenye Throne of Bhaal, nyongeza ya gemu ya pili, unaweza kumtoa kwenye ubaya, kwenye ya 3 unakuja kumkuta kwenye mahakama ya wauaji. Hapo sina utetezi mkuu.